Nala au Mondo, Kuro au Kaniki: Majina ya Paka Yakipangwa Sako kwa Bako

Ninauza nafaka soko la Kibuye, hapa Kisumu, na anayenilindia magunia ni paka jike mmoja wa rangi tatu. Kila anapozaa, watu huja kuomba watoto: mwenye kinu cha kusaga unga, mama wa kibanda cha samaki, mwalimu kutoka Manyatta. Lakini hapa kwangu mtoto wa paka haondoki bila jina. Nimeona kwa macho yangu kwamba paka mwenye jina akipotea hutafutwa ploti kwa ploti, na yule anayeitwa "hiyo paka" tu akipotea, kesho yake analetwa mwingine.

Mara hii wamezaliwa watatu. Mmoja ni dume mweusi tititi, mwingine dume wa milia ya kijivu, na wa tatu ana rangi tatu kama mamake. Wote wanalala ndani ya gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) moja kuukuu niliyoitandika kipande cha gunia, na wakishajipanga humo huoni pa kutenganisha mkia wa huyu na sikio la yule. Jumapili moja dada mmoja wa Nakuru, aliyekuja kumtembelea nduguye, alisimama mbele ya meza yangu akamwomba yule mweusi. Kisha akatoa simu, akanisomea orodha ndefu ya majina ya paka yasiyo ya kawaida, kila jina na maana yake. La kwanza lilikuwa Nala. Orodha ilisema ni neno la Kiswahili, maana yake "zawadi".

Nikamwambia, "Dada yangu, zawadi ni zawadi. Nala ni 'nakula'."

Tulikaa karibu saa nzima juu ya magunia ya ndengu tukiyapima majina yale. Kipimo chetu kilikuwa kimoja: jina linasema nini kule lilikotoka, na linasikika vipi hapa, katika masikio ya watu watakaolisikia likiitwa mlangoni kila jioni.

Nala na Simba, au Mondo

Nala lilisambaa duniani kupitia filamu moja ya katuni ya Marekani ya mwaka 1994 iliyojaa majina yetu. Mengine yalichukuliwa sawasawa: Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa ni kupumbaa. Nala ndilo lililozuliwa maana baadaye, na orodha zikaendelea kunakiliana. Ukilichukua kwa sarufi yetu, ule wakati wa -a- tuliofundishwa shuleni, nala ni "mimi nakula". Kwa paka wa jikoni hilo si jina baya hata kidogo. Mpe akitaka, ila mpe ukijua unachosema, na usimwambie mgeni kwamba ni zawadi.

Simba halina kosa la maana. Taabu yake ni kwamba kila ploti ina mbwa anayeitwa Simba. Ukiita, anakuja mbwa, na paka anapanda juu ya mabati.

Ninayempendekeza mahali pa wote wawili ni Mondo. Mondo ni yule paka wa porini mwenye miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama na madoa meusi juu ya manyoya ya manjano. Hukaa kwenye nyasi ndefu na kandokando ya maji, husikia panya akipita chini ya majani, kisha huruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Nakuru wanaye ndani ya hifadhi ya ziwa, ingawa si rahisi kumwona. Jina lina silabi mbili, ni Kiswahili kitupu, na bado watu watakuuliza maana yake kwa sababu wengi wamelisahau. Hilo ndilo ninalolitafuta katika jina lisilo la kawaida: liwe geni kwa kuachwa, wala si kwa kutoka mbali.

Kiswahili kina mengine ya jamii hiyo. Simbamangu, mwenye vishungi vya nywele kwenye ncha za masikio, ni jina zuri lakini ni refu mno kumwitia paka. Kimburu, paka wa mwituni, linafaa sana kwa mwenye milia ya kijivu. Kanu ni yule mnyama mwembamba wa usiku mwenye madoa na mkia wa pete, na lingefaa, ila kwa Mkenya yeyote neno hilo ni chama kilichotawala hadi mwaka 2002. Hutapata wa kukusikiliza ukieleza mambo ya mnyama.

Mtu mmoja aliwahi kuniambia nimwite mtoto wa milia Sokoke, kwa ile jamii ya paka iliyopewa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Wagiriama walikuwa wakiwajua paka hao kwa jina la khadzonzo kabla wageni hawajawachukua mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwapeleka ng'ambo kufugwa kama jamii maalum. Jina linapendeza kweli, na kwa mtu wa soko lina "soko" ndani yake. Lakini ni jina la ukoo. Kumwita hivyo paka wa Kibuye ni sawa na kumwita ng'ombe wa kienyeji Friziani.

Mweusi: Kuro, Tipo au Kaniki

Hapa ndipo dada wa Nakuru alipokuwa na haja, kwa sababu mweusi ndiye wake.

Orodha yake ilimpa Kuro, neno la Kijapani lenye maana ya "nyeusi". Fupi, linatamkika, na mtu angedhani limefichwa ndani ya jina la mji wake mwenyewe. Lakini kwa Kiswahili kuro ni mnyama, yule jamii ya paa mkubwa mwenye weupe makalioni, na Hifadhi ya Ziwa Nakuru imejaa hao. Mtoto wa shule akienda ziara ya hifadhi atarudi akiuliza kwa nini paka wa nyumbani anaitwa kuro. Na jina la mji lenyewe halihusiani: hilo husemwa limetoka kwa Wamaasai, kwa neno la vumbi.

Shiro, "nyeupe" kwa Kijapani, lilikuwa mstari unaofuata. Tulicheka wote wawili, kisha akasema kwa upole, "Mama mdogo wangu ni Shiro." Nakuru nzima ina akina Shiro, ni ufupisho wa Wanjiru. Hilo lilifutwa papo hapo. (Kama una paka mweupe mwenye macho ya buluu, jambo la kwanza si jina. Wengi wa aina hiyo huzaliwa viziwi. Piga kiganja nyuma yake uone kama anageuka, na kama hasikii, mzoeze ishara ya mkono.)

Mimi binafsi nilikuwa nimempangia mweusi jina la Tipo. Kwa Dholuo, lugha ya Waluo, tipo ni kivuli, na hapa Kisumu neno hilo lina hadithi nyuma yake: Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mkuki haukuingia mwilini mwake kwa kuwa nguvu zake zilikuwa kivulini. Adui walimwoza binti yao, binti akaijua siri, na kivuli kikachomwa. Paka mweusi anayepita ukutani jioni ni kivuli kabisa. Sikuona jina la kulishinda.

Aliyenizuia ni dani mmoja, yaani bibi mzee, anayeuza omena meza ya pili. Alisema tipo si kivuli cha jua tu. Ni pia kile kinachobaki cha mtu akishafariki. Na paka mweusi tayari ana mzigo: wapo wanaomtupia mawe wakimhusisha na uchawi na wale wanaokimbia usiku. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "unataka kumwongezea maneno?" Nikaona ana haki. Jina linaweza kuwa zuri mdomoni mwako na likawa hatari kwa mwenye kuitwa.

Kaniki ndilo lililobaki mezani, na kadiri tulivyolirudia ndivyo lilivyozidi kutulia. Kaniki ni ile nguo nyeusi, au ya buluu iliyokolea hadi kuonekana nyeusi, waliyoivaa mabibi wa zamani kwenda shambani na kwa kazi za nyumbani. Ni nguo ya bei nafuu, isiyoonyesha uchafu, ya mtu anayefanya kazi. Halina mzimu ndani yake. Lina silabi tatu, na ile "ki" ya mwisho unaweza kuivuta utakavyo: Kanikiii. Dada alilitamka mara mbili, akamwinua mtoto kutoka kwenye gorogoro, akamtazama, akasema ndilo.

Majina ya watu

Hili nitalisema kirefu kwa sababu nimelipia.

Miaka ya nyuma niliishi ploti ya vyumba nane Nyalenda. Nilikuwa na paka mweusi aliyezaliwa usiku, na kwa kuwa mtoto wa kiume anayezaliwa usiku kwa Waluo huitwa Otieno, nikamwita hivyo. Niliona ni heshima. Jioni moja nilipaaza sauti mlangoni, "Otieno, toka kwa hiyo sufuria!" Baba wa chumba cha tatu, ambaye naye ni Otieno, alikuwa kibarazani anakula na wageni wake. Hakusema neno. Mkewe alikuja asubuhi, akasimama mlangoni kwangu bila kuingia. "Mama," akasema, "hilo jina ni la babu yake. Babu alimjia mtu ndotoni ndipo mume wangu akapewa. Wewe umempa paka."

Sikuwa nimejua. Mimi nimezaliwa Bungoma, na nilidhani ni jina la saa tu, usiku na asubuhi na mchana. Kumbe juu ya jina la saa kuna lile wanaloliita nying juogi, jina la aliyetangulia, na wakati mwingine majina hayo mawili hukutana katika neno moja. Niliomba msamaha, nikabadilisha jina siku hiyo hiyo, lakini ilichukua muda mrefu kabla ya yule mama kuniazima kitu tena.

Kwa hiyo usichukue jina la mtu. Chukua neno lililozaa jina. Odero ni aliyezaliwa penye ghala, na ghala lenyewe ni dero. Okoth ni wa mvua, na mvua ni koth. Ochieng' ni wa jua, na jua ni chieng'. Kwetu Bungoma Wafula ni wa msimu wa mvua, na mvua ni efula. Hakuna babu wa mtu anayeitwa Mvua, na hakuna atakayekuja kusimama mlangoni.

Kati ya hayo yote, Dero ndilo jina ninalolipenda kuliko lolote katika makala hii. Dero la kijijini husukwa kwa fito kama kikapu kikubwa, huinuliwa juu ya mawe au miti lisilowe, na paa lake la nyasi hunyanyuliwa pembeni mtu akitaka kuchota mahindi. Chini yake, palipo na kivuli na punje zilizodondoka, ndipo paka hulala. Lipange sasa na jina maarufu la kigeni la kazi hiyo hiyo: Towser, paka jike wa kiwanda cha wiski cha Glenturret huko Scotland, aliyeishi kuanzia 1963 hadi 1987. Shayiri ya kiwanda ilileta panya, na Towser akakadiriwa kuwaua 28,899, akaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Ni paka wa kuheshimiwa na kila muuza nafaka. Lakini Towser kwa masikio ya hapa ni sauti tupu, na kinywani hugeuka Tausa. Dero linasema kazi yake kwa silabi mbili. Mwenye kinu alipokuja kumchukua yule wa milia nilimtajia majina matatu, Mondo, Kimburu na Dero, naye hakunisubiri nimalize kueleza. "Dero," akasema, "kwetu tulikuwa na mawili."

Chui wa mitaa yote

Kwa paka mwenye madoa au tabia ya kurukia watu, chui anapatikana kwa kila lugha ya pande hizi: Kwach kwa Waluo, Ingwe kwa Waluhya, Ngari kwa Wakikuyu wa Nakuru. Yote ni mafupi na yanaitika. Kumbuka tu kwamba Ingwe ni timu ya soka ya AFC Leopards. Ukiliita hapa Kisumu siku ya mechi dhidi ya Gor Mahia, umetangaza upande wako. Kwa Kakamega sina pingamizi.

Ya dini

Mteja wangu mmoja wa Kaloleni alitaka Muezza, ambalo masimulizi husema lilikuwa jina la paka wa Mtume Muhammad. Masimulizi hayo ni ya watu, hayamo katika hadithi zilizothibitishwa. Jambo lililothibitika ni kwamba sahaba Abu Huraira lakabu yake ni "baba wa kipaka", na kwamba paka hahesabiwi najisi, ni katika wale wanaozunguka kwenu majumbani. Lakini Muezza lina shida nyingine kwa Kiswahili: ukiliita haraka linasikika Muweza, na Muweza ni Mungu. Mteja alipolisikia likitoka mdomoni mwake aliliacha mwenyewe. Huraira nalo hakulitaka kwa sababu ya sahaba. Alimwita Tende, kwa rangi ya manyoya yake, akaridhika.

Ya samaki

Ziwa liko mlangoni, kwa hiyo majina haya hujileta. Omena linafaa kwa paka mdogo wa rangi ya fedha, lakini wauzaji hupita mitaani wakiita "omena, omena" kila siku, na paka atakimbilia kila beseni. Mbuta ni kwa dume kubwa lenye kichwa kizito. Mumi ndilo bora: samaki mwenye sharubu ndefu, na jina laini. Lisikaribiane tu na Mimi, ambalo Ulaya ni jina la kawaida la paka, na kwetu kila sentensi yake hugeuka ungamo. "Mimi ameiba nyama."

Wa rangi tatu: Tama, Félicette, Kito au Sulwe

Amebaki yule wa rangi tatu. Huyo hahitaji kuchunguzwa kama ni dume au jike, kwa kuwa rangi ya machungwa ya paka hubebwa kwenye kromosomu X, na kuwa na machungwa pamoja na nyeusi huhitaji X mbili. Dume wa rangi tatu yupo, ila ni nadra sana. Basi ni jike, na jina liwe lake.

Tama ni jina la heshima Japani. Paka wa rangi tatu aliyeitwa hivyo alifanywa mkuu wa kituo cha reli cha Kishi mwaka 2007, akavalishwa kofia, abiria wakaongezeka kwenye njia iliyokuwa ikifa, akafariki mwaka 2015. Tama hufasiriwa mpira au kito. Kwa Kiswahili, hata hivyo, kushika tama ni kuegemeza shavu kiganjani kwa huzuni. Siwezi kumpa mtoto wa wiki saba jina la huzuni. Kito ni maana ile ile bila mzigo huo.

Félicette ndilo linalonigusa moyo. Ni paka wa Ufaransa aliyerushwa kwa roketi tarehe 18 Oktoba 1963 kutoka jangwa la Algeria, akapanda zaidi ya kilomita 150, akarudi akiwa hai. Wakati wa mazoezi hakuwa na jina, alikuwa C 341 tu. Jina lilikuja baadaye, kwa kumgeuza jike paka wa katuni aliyeitwa Felix. Miezi miwili hivi baada ya safari waliomrusha walimuua ili wauchunguze ubongo wake. Sanamu yake ilisimamishwa Strasbourg mwaka 2019. Ningependa kumkumbuka, lakini Félicette hapa litakuwa Felista kabla jua halijatua, na Felista ni mama wa mtu. Kwa hiyo ukitaka jina la mbinguni, Dholuo ina Sulwe, yaani nyota. Ni kwa ajili ya Félicette nimeliweka kwenye mizani.

Sauti nayo inampendelea Sulwe. Sisi sote humwita paka kwa "ps ps ps" kwa sababu masikio yake hunasa upesi sauti nyembamba za juu kama ya s. Mwaka 2019 watafiti wa Japani wakiongozwa na Atsuko Saito walionyesha kwamba paka wa nyumbani hutofautisha jina lake na maneno mengine ya mlio unaofanana. Paka waliokuwa wakiishi wengi pamoja mkahawani ndio walioshindwa kutenga lao na ya wenzao. Kama unao wawili, usiwape Kito na Kiko.

Kaniki amefika Nakuru salama, kwenye kikapu chenye kifuniko, na dada amenitumia picha yake amelala juu ya kochi. Dero yuko kinuni. Yule wa tatu amebaki peke yake ndani ya gorogoro na sasa anajinyoosha hadi miguu inatokeza nje. Jana jioni nilipokuwa nafunga magunia nilitamka majina yote mawili kwa sauti ile ile, nikisubiri kidogo katikati. Kwa Kito hakusogea. Kwa Sulwe sikio la kushoto liligeuka. Alikuwa na njaa, kwa hiyo leo nitamlisha kwanza, kisha nijaribu tena.